Tunahesabu Ndege, Tunasahau Marubani

Tarehe 11 Mei 2025, siku nne baada ya India na Pakistan kukabiliana angani usiku wa kuamkia tarehe 7, ofisa wa juu wa Jeshi la Anga la India, Air Marshal A. K. Bharti, aliketi mbele ya waandishi wa habari akaulizwa swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu: mmepoteza ndege ngapi? Pakistan ilikwisha kutangaza kwamba imeangusha tano, tatu kati yake zikiwa Rafale zilizotengenezwa Ufaransa. Bharti hakutaja idadi. Alisema hasara ni sehemu ya mapigano, kisha akaongeza kwamba marubani wote wamerudi nyumbani. Mitandaoni jibu hilo lilipokelewa kwa kejeli, likaonekana ni njia ya kukwepa swali. Mwishoni mwa mwezi huohuo mkuu wa majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri akiwa Singapore kwamba kweli kuna ndege zilizoangushwa, bila kusema ngapi, na mjadala ukarudi palepale: Rafale ni bora au si bora, kombora la Kichina linafika umbali gani, nani amedanganywa na muuza silaha wake. Ile kauli ya marubani kurudi nyumbani ikasahaulika.

Naamini kauli ile ilibeba habari nzito kuliko nyingine zote zilizotolewa wiki ile. Si kazi yangu kumtetea msemaji wa jeshi lolote, na kuficha idadi ya ndege kulikuwa na sababu zake za kisiasa. Lakini ndege iliyoanguka rubani akarudi, na ndege iliyoanguka pamoja na rubani wake, si hasara moja. Ya kwanza italipwa na hazina ya nchi, hata kama ni kwa maumivu. Ya pili hulipwa kwa miaka, na vita haikopeshi miaka. Ukipitia mapigano ya angani ya karne iliyopita utakuta mataifa yaliyoshindwa huko juu huku viwanda vyao vikiendelea kutoa ndege mpya. Walichokosa ni watu wa kuzirusha. Kwa hiyo kifo cha rubani katika mapigano ya angani tunakisoma vibaya mara mbili. Kwanza tunakihesabu kama sehemu ya bei ya ndege. Halafu tunakieleza kama matokeo ya pambano la watu wawili, mmoja hodari kuliko mwenzake. Ukichunguza vizuri, mara nyingi rubani huyo alikuwa ameanza kupotea kabla hajapaa: katika ratiba iliyomnyima usingizi, katika shule iliyompunguzia saa za mafunzo, katika uamuzi wa mtu aliyemwona ni kifaa cha kutumia mpaka kiishe.

Tazama Ukraine. Ndege za F-16 zilizosubiriwa kwa muda mrefu zilionyeshwa hadharani tarehe 4 Agosti 2024. Tarehe 26 ya mwezi uleule, Urusi ilipofanya moja ya mashambulizi yake makubwa ya makombora na droni, rubani Oleksii Mes alikufa akiwa ndani ya F-16. Tarehe 12 Aprili 2025 akafuata Pavlo Ivanov, kijana wa miaka 26. Tarehe 29 Juni mwaka huohuo akafa Maksym Ustymenko. Kwa mujibu wa jeshi lake, Ustymenko aliangusha shabaha saba, ya mwisho ikaiharibu ndege yake, akaielekeza mbali na makazi ya watu na hakupata nafasi ya kujirusha. Kila mara vichwa vya habari vilikuwa vya namna moja: Ukraine yapoteza F-16 nyingine. Ndege ndiyo iliyopotea, mtu akatajwa katika aya ya pili. Na kuna aliyesahaulika zaidi. Andrii Pilshchykov, ambaye pamoja na Mes walikwenda Marekani kuwashawishi wanasiasa watoe ndege hizo, alikufa tarehe 25 Agosti 2023 ndege za mafunzo zilipogongana katika mkoa wa Zhytomyr. Hakuwahi kuirusha F-16 vitani. Vijana wawili kama hao, waliojua vita kwa miili yao, waliojua Kiingereza cha kutosha kukaa darasani na wakufunzi wa kigeni, ndio wangekuwa walimu wa kundi linalofuata na lile la baada yake. Ndege ziliendelea kuwasili kutoka Ulaya. Walimu hao hawana ghala la kuwatoa.

Nikiwa kijana nilikariri kasi ya kila ndege ya kivita, urefu wa mbawa zake na idadi ya makombora inayobeba, na sikujua jina la mtu hata mmoja aliyewahi kuirusha. Nadhani wengi tunaozungumzia mambo haya tumelelewa hivyo. Tunaijua ndege kwa sababu ina namba, na namba hulinganishwa kirahisi. Kilicho kichwani mwa rubani hakina namba. Huanza na ndege ndogo ya mafunzo, akapanda jeti ya mafunzo, kisha ndege yenyewe ya kivita, na hata akishafika kikosini bado ni mwanafunzi anayeruka pembeni ya mkubwa wake na kujifunza kutazama nyuma. Hapo ndipo anajifunza yasiyoandikwa: kugundua kwamba kile kidoa kwenye upeo wa macho si uchafu wa kioo, kujua kwamba mafuta yaliyobaki yanatosha kupigana au kurudi, lakini si vyote viwili, na, gumu kuliko yote, kujua wakati wa kuliacha pambano. Marubani wa vita vyote wanakubaliana kwamba safari chache za kwanza ndizo zinazoua zaidi. Anayezivuka anakuwa mtu mwingine, na akifa huyo, anayekalia kiti chake anaanza tena kwenye safari zile za kwanza.

Uingereza ililijua hili mwaka 1940, na nusura ilijue kwa kuchelewa. Historia inayosimuliwa sana ni ya ndege za kivita za Spitfire na Hurricane, na ni kweli viwanda chini ya waziri Beaverbrook vilizalisha ndege kwa kasi kuliko Wajerumani. Ndiyo maana jenerali aliyeongoza ulinzi wa anga, Hugh Dowding, usingizi wake haukukatishwa na upungufu wa ndege. Ulikatishwa na upungufu wa watu. Kati ya tarehe 24 Agosti na 6 Septemba 1940, marubani 103 waliuawa na 128 kujeruhiwa vibaya, wakati jumla yao ilikuwa kama elfu moja. Ni karibu robo, kwa majuma mawili. Nafasi zao zilijazwa na vijana ambao baadhi walikuwa wameirusha Spitfire kwa saa kumi au ishirini tu maishani mwao. Kilichosaidia kuinusuru Uingereza hakionekani katika jedwali la ndege. Kwanza, vita vilipiganwa juu ya ardhi yake: Mwingereza akiruka kwa mwavuli na kutua salama, aliweza kurudi kikosini jioni ileile, ilhali Mjerumani aliyetua shamba lilelile aliishia kambi ya mateka. Ndege mbili zimeanguka, upande mmoja umepoteza rubani na mwingine haukupoteza. Pili, walikuwepo marubani wa mataifa mengine waliokuja na uzoefu wao, wakiwemo Wapolandi zaidi ya 140 ambao walikwisha kupigana kwao na huko Ufaransa. Mwanzoni baadhi ya wakubwa wa Kiingereza waliwadharau. Uzoefu ule ulikuwa na thamani kuliko kundi zima la ndege mpya.

Mfano unaonikereketa zaidi ni wa Japani, kwa sababu pale mtu anaweza kufuatilia kifo cha jeshi la anga hatua kwa hatua, na karibu kila hatua ilionekana kama si neno. Marubani wa Jeshi la Majini la Japani waliopaa kwenda kuishambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor Desemba 1941 walikuwa miongoni mwa waliofundishwa vizuri kuliko wote duniani. Walichujwa kwa ukali, wakafundishwa kwa muda mrefu, wachache sana. Huo uchache ulikuwa fahari yao na ndio uliowamaliza, kwani hapakuwa na mpango wa kuwapata wengine kwa haraka. Watu husema walimalizwa Midway, Juni 1942, zilipozama manowari nne za kubeba ndege. Lakini wanaanga wa Kijapani waliokufa Midway walikuwa kama 110, hasara kubwa ila ya kuvumilika. Miezi minne baadaye, tarehe 26 Oktoba, katika mapigano ya visiwa vya Santa Cruz, Japani ilihesabiwa kuwa mshindi: iliizamisha manowari ya Marekani, Hornet. Katika ushindi huo ilipoteza wanaanga wapatao 148. Ushindi uliua wengi kuliko kipigo kile maarufu. Mtu anayehesabu meli na ndege ataandika Santa Cruz kwenye safu ya mafanikio. Anayehesabu watu ataona kwamba tangu siku ile meli za Japani zilikuwa na sitaha zisizo na wa kupaa kutoka juu yake.

Kati ya hayo mawili kulikuwa na mapigano ya kisiwa cha Guadalcanal. Marubani wa Japani walipaa kutoka kambi yao ya Rabaul, wakaruka kama kilomita elfu moja juu ya bahari, wakapigana dakika chache, wakageuza na kurudi kilomita elfu nyingine. Tarehe 7 Agosti 1942 Saburo Sakai alipigwa risasi kichwani akapoteza uwezo wa jicho moja, na bado akairudisha ndege kwa zaidi ya saa nne. Kisa hicho husimuliwa kama cha ushujaa, na ni cha ushujaa kweli. Mimi nakisoma pia kama shitaka. Ni nani aliyepanga vita ambamo mtu aliyejeruhiwa, au ndege iliyotoboka tangi, au injini iliyokohoa kidogo tu, imehukumiwa kufa kwa sababu ya umbali? Tarehe 26 mwezi huohuo Junichi Sasai, mmoja wa viongozi hodari wa kikosi cha Sakai, aliangushwa Guadalcanal. Waliobaki hawakupumzishwa. Hakukuwa na zamu ya kumtoa mtu vitani akafundishe. Uliruka mpaka ufe au ulemae. Hiroyoshi Nishizawa, ambaye wengi humtaja kuwa bora kuliko wote, alikufa Oktoba 1944 akiwa abiria katika ndege ya usafiri isiyoweza kujitetea. Kufikia Juni mwaka huo, katika vita vya visiwa vya Mariana, Wajapani walikuwa wamepoteza zaidi ya ndege 300 kwa siku mbili mbele ya Wamarekani waliopoteza sehemu ndogo ya hizo. Ndege Japani bado ilikuwa inazitengeneza. Oktoba ukaanza mpango wa marubani wa kujitoa mhanga, na kwa maoni yangu hapo ndipo hesabu iliposemwa wazi: rubani ambaye hakufundishwa vya kutosha kurudi, safari ya kurudi ikafutwa kwenye ratiba.

Ujerumani nayo ilifika hapohapo kwa njia nyingine. Mwaka 1944 viwanda vyake vilitengeneza karibu ndege 40,000, idadi kubwa kuliko mwaka wowote wa vita ile, huku miji ikipigwa mabomu mchana na usiku. Ukiangalia idadi hiyo peke yake utadhani ni nchi inayoshinda. Lakini majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943, shule za urubani zilikuwa zimepokonywa ndege na walimu ili wakapeleke chakula na risasi kwa jeshi lililozingirwa Stalingrad, na wengi wao hawakurudi. Saa za mafunzo zikapunguzwa, zikapunguzwa tena. Katikati ya 1944 kijana wa Kijerumani alipelekwa vitani akiwa na kama theluthi tu ya saa alizokuwa nazo Mmarekani aliyekutana naye. Miezi minne ya mwanzo ya mwaka huo, kwa taarifa ya Adolf Galland aliyesimamia ndege zao za kivita, zaidi ya marubani elfu moja wa mchana walipotea. Tarehe 12 Mei viwanda vya mafuta vya Leuna na vingine vikaanza kupigwa mfululizo, na mafuta ya kufundishia yakawa ya kwanza kukatwa. Duara limefungwa: wasiojua wanakufa, nafasi zao zinachukuliwa na wanaojua kidogo zaidi ya hapo. Mabingwa kama Erich Hartmann, aliyeangusha ndege 352, waliachwa vitani hadi mwisho, na idadi zao kubwa zikawafanya watu waamini mfumo ulikuwa mzuri. Wakati huo Marekani ilikuwa ikiwarudisha watu wake nyumbani wakafundishe. Richard Bong, mwenye ushindi mwingi kuliko rubani mwingine yeyote wa Marekani, alipofikisha 40 aliondolewa vitani. Kwa Mjerumani huo ungekuwa upotevu wa bingwa. Kwa Mmarekani ilikuwa ni kumfanya bingwa mmoja awe mamia.

Sasa nije kwa wanaopinga. Hoja dhaifu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote, ni ile ya pambano la wawili: rubani amekufa kwa sababu amekutana na aliyemzidi. Hoja hii inamtukuza mshindi na inamfariji kamanda, kwa kuwa haimuulizi chochote. Haiendani na ushahidi. Wengi walioangushwa katika vita vya mizinga na bunduki hawakumwona kabisa aliyewaangusha. Hartmann mwenyewe alisema hivyo kuhusu wengi wa wale aliowaangusha yeye. Mchukue Manfred von Richthofen, aliyekufa tarehe 21 Aprili 1918 akiwa na miaka 25 na ushindi 80. Kwa zaidi ya karne watu wamebishana kama risasi ile moja ilitoka kwa Mkanada Roy Brown angani au kwa Waaustralia waliokuwa chini. Ubishi huo umeficha lililo wazi. Richthofen alimfuata mgeni wa vita, Wilfrid May, chini kabisa juu ya mistari ya adui, kinyume cha yale aliyowafundisha vijana wake. Julai ya mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa risasi kichwani, akarudi vitani kabla ya kupona sawasawa, na maumivu ya kichwa yakamwandama. Alipewa nafasi ya kazi ya ardhini akaikataa, hilo ni lazima lisemwe. Lakini jeshi linaloweza kumwamuru mtu aruke linaweza pia kumwamuru asiruke.

Au mchukue Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini, ambaye huenda ndiye rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote waliopigana chini ya bendera ya Uingereza. Kumbukumbu za kikosi chake zilipotea Ugiriki ilipoanguka, ndiyo maana idadi kamili haijulikani. Agosti 1940 aliangushwa jangwani Libya akatembea kwa miguu hadi mpakani. Jeshi la anga la nchi yake lilikuwa limemkataa ujanani. Tarehe 20 Aprili 1941, akiwa na homa kali ya mafua, kamanda wa kikosi kilichobakiwa na ndege chache sana, alipaa juu ya Athens kukabiliana na kundi kubwa la Wajerumani. Alionekana mara ya mwisho akienda kumsaidia mwenzake aliyefuatwa, ndege za adui zikiwa nyuma yake. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake liko kwenye mnara wa Alamein. Mtu akiniambia Pattle alikutana na aliyemzidi, nitamuuliza: alimzidi nini, ustadi au usingizi?

Hoja ya pili ina uzito, na siwezi kuipita haraka: ndege yenyewe ni muhimu. Rubani bora katika ndege mbovu atakufa akiwa bora. Katika zama za makombora yanayofyatuliwa kabla watu hawajaonana kwa macho, rada nzuri na kombora refu vinaweza kuamua jambo hata kama aliyeko ndani ni wa kawaida. Nakubali. Ninachoomba ni kwamba tupime ubora wa ndege kwa kipimo sahihi. Zero ya Kijapani ilikuwa nyepesi na ilikwenda mbali, ikasifiwa dunia nzima, lakini wepesi ule ulipatikana kwa kuacha bamba la chuma la kumkinga rubani na matangi ya mafuta yanayojiziba. Hellcat ya Marekani ilibeba vyote hivyo na injini kubwa ya kuvibeba. Waliochora ndege hizi mbili walijibu swali moja kwa namna tofauti: huyu mtu tunamtaka arudi au la? Katika Vita vya Kwanza vya Dunia marubani wa Uingereza hawakupewa hata mwavuli wa kurukia, ilhali walioangalia adui kutoka kwenye maputo walikuwa nao. Wengi waliungua wakiwa hai, vifo ambavyo kitambaa na kamba vingeweza kuvizuia.

Na hata mwenye ndege bora anarudi kwenye swali la watu. Ethiopia na Eritrea zilipoingia vitani mwaka 1998, zilinunua ndege za kisasa kwa muda mfupi sana, Eritrea ikachukua MiG-29, Ethiopia Su-27, na Februari 1999 ndege hizo zikapambana angani, Su-27 zikatamba. Ndege zile zote asili yake ni Usovieti, zote zimeingia ghalani karibu wakati mmoja. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa kwamba Ethiopia iliwarudisha kazini marubani wa zama za Derg, utawala wa kijeshi uliotangulia, watu waliowahi kupigana miaka mingi, ambao serikali mpya ilikuwa imewaweka pembeni baada ya 1991. Fedha ilileta ndege kwa miezi. Uzoefu ulitokana na vita vya zamani, hadi ile ya Ogaden mwaka 1977, ambako Waethiopia waliofundishwa na Wamarekani walizishinda MiG-21 za Somalia wakiwa ndani ya F-5. Kuna mkono wa bahati katika hilo, kwamba watu wale walikuwa bado hai na hawakuwa wote wamekimbilia nje.

Hoja ya tatu ndiyo ya sasa: yote haya ni historia, kwa kuwa mashine inachukua kiti. Mwaka 2023 Marekani ilifanyia majaribio ndege ya X-62A, aina ya F-16 iliyobadilishwa, ikiendeshwa na akili mnemba katika mapambano ya karibu dhidi ya F-16 yenye mtu. Mei 2024 waziri wa jeshi la anga alipanda ndani yake. Ndege za kivita zisizo na rubani zitakazosindikiza zile zenye watu zimeanza kuruka. Sipingi maendeleo haya, na kama yatamtoa kijana mmoja kwenye moto, yaje haraka. Lakini kudai kwamba kwa hiyo kupotea kwa rubani hakuna uzito tena ni kusoma kinyume cha kinachotokea. Angalia tena walivyokufa wale wa Ukraine: walikuwa wakipambana na makombora na droni. Hapakuwa na adui aliyeketi ndani ya alichokuwa anakifukuza Ustymenko. Oktoba 2022 Vadym Voroshylov naye aliangusha droni za Shahed, mabaki ya mojawapo yakaipiga MiG-29 yake, na yeye kwa bahati akajirusha akaokoka. Upande mmoja ulipoteza kifaa cha kurushwa mara moja, wa pili nusura upoteze mtu wa miaka ya mafunzo. Mashine haijapunguza thamani ya rubani. Imempa adui njia rahisi ya kumchosha. Kila usiku droni zikija, mtu hulazimika kupaa, na kila kupaa ni nafasi nyingine ya kutorudi. Hivi ndivyo Rabaul ilivyofanya kazi, ila sasa anayekulazimisha kuruka hahatarishi mtu wake.

Kuna pingamizi moja zaidi ambalo halitoki kwa wataalamu, na ndilo linalonisumbua. Ni kwamba kuzungumza hivi, kumlinganisha mtu na ghala, kuhesabu saa zake za mafunzo, ni kumdhalilisha marehemu. Mama wa Ivanov hakupoteza mwalimu wa baadaye wa F-16. Alipoteza mwanawe. Sina jibu la kulifuta pingamizi hilo na sitafuti. Nasema tu kwamba makamanda watahesabu tukitaka tusitake, na wakiachiwa wahesabu ndege peke yake, watoto wa watu watatumika kuziokoa ndege. Hesabu ninayoidai mimi walau inamweka mtu juu ya chombo.

Basi rubani anapoangushwa, yapo ya kuuliza kabla ya kuuliza ndege ilikuwa aina gani. Alikuwa ameruka mara ngapi wiki ile? Alilala lini? Alifundishwa kwa saa ngapi, na waliomtangulia walifundishwa ngapi? Yule aliyekuwa bora kikosini yuko wapi, darasani au naye yuko juu? Kulikuwa na kikosi cha kumtafuta na kumwokoa kilichokuwa tayari kabla hajapaa? Je, kilichoangushwa na kombora lake kingeweza kuangushwa na mzinga wa ardhini au droni ya kuwinda droni, kama zile ambazo Ukraine imeanza kuzitumia? Majibu ya maswali hayo yakibadilika kwa ubaya kutoka mwaka hadi mwaka, nchi hiyo inashindwa angani, hata kama gwaride lake limejaa ndege mpya. Na nchi inayonunua ndege za kivita ikatangaza idadi na bei bila kusema imenunua saa ngapi za kuruka, wakufunzi wangapi na mafuta ya miaka mingapi, bado haijawaambia wananchi wake imenunua nini.

India yenyewe ilikwisha kupita njia hii. Tarehe 27 Februari 2019 Abhinandan Varthaman aliangushwa akiwa ndani ya MiG-21, ndege ambayo ilistahili kustaafu miaka mingi nyuma, akatua upande wa Pakistan na kukamatwa. Kwa siku mbili nchi mbili zenye silaha za nyuklia zilimtazama mtu mmoja. Pakistan ilipomrudisha tarehe 1 Machi kupitia mpaka wa Wagah, joto likashuka, na hakuna aliyedai mabaki ya ndege. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, baada ya kutibiwa na kupimwa, Varthaman aliruka tena katika MiG-21, mkuu wa jeshi la anga akiwa pamoja naye ndani ya ndege.